Pijo, Porsche, na Aliyeshika Mizani

Mwaka 1963, kwenye maonesho ya magari ya Frankfurt, kampuni ya Porsche ilionesha gari jipya lililoitwa 901. Halikukaa na jina hilo muda mrefu. Mwaka uliofuata Peugeot ya Ufaransa ilikuja juu: majina ya tarakimu tatu yenye sifuri katikati ni yetu, tumeyatumia tangu 201 ya mwaka 1929, na hapa Ufaransa hamtaliuza gari kwa jina hilo. Porsche hawakutaka kesi. Walitoa sifuri, wakaweka moja, likawa 911. Yaani gari ambalo nusu ya vijana duniani wanaliota linaitwa hivyo kwa sababu jirani alikataa kuazimisha sifuri.

Nakipenda kisa hiki kwa sababu kinayaweka magari mawili kwenye sentensi moja kabla hata hayajakutana barabarani. Wakati Porsche wanafuta sifuri yao, Peugeot walikuwa na 404 sokoni, na mwaka 1968 wakatoa 504. Mwaka 1969 likafuata toleo la milango miwili, 504 Coupé, ambalo umbo na bodi yake vilitoka kwa Pininfarina kule Turin. Hapo ulinganisho unakuwa halali, maana 911 na 504 Coupé yote ni magari ya masafa, yale Waitaliano waliyoyapa jina la gran turismo. Gari la watu wawili mbele, wengine wawili wa kubanana nyuma, begi moja moja, na barabara ndefu. Kazi yake ni kukata nchi kwa kasi bila kumchosha aliyeko ndani.

Swali la kijiweni ni jepesi: lipi bora? Mimi nataka kulichukua kwa uzito kuliko linavyochukuliwa kijiweni, kwa sababu mwaka huu limefika nyumbani kwetu Haneti likiwa limevaa nguo nyingine, na likadai jibu kabla ya msimu wa mvua. Nitafika huko. Kwanza tuyaangalie magari yenyewe.

Kwa asiyeijua, Haneti iko kaskazini mwa jiji la Dodoma, wilaya ya Chamwino, kwenye barabara iendayo Kondoa, Babati na Arusha. Ni kipande cha ile barabara kuu ambayo wakoloni waliota ingetoka Cape hadi Cairo. Ndoto hiyo ilipita kwetu ikiwa vumbi. Lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa mwaka 2018. Kabla ya hapo ukisafiri kiangazi unafika umekuwa mwekundu hadi kope. Masika gari linakwama na abiria wanashuka kusukuma, wakiwemo waliolipa nauli kamili. Mtu aliyekulia hapo hasikii neno "masafa" kama anavyolisikia mtu wa Stuttgart.

Magari haya mawili yalipimwa hapahapa Afrika Mashariki, dunia ikiangalia. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Katika miaka ya 1960 Peugeot 404 ilishinda mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 uliletwa na Bert Shankland na Chris Rothwell, na Shankland alikuwa mtu wa Dar es Salaam, jambo ambalo wazee wetu hawakulisahau. Mwaka 1975 ikawa zamu ya 504. Porsche kwa upande wao walikuwa wanakuja na kuondoka na nafasi ya pili: mwaka 1972 kwa mikono ya Mpolandi Sobiesław Zasada, mwaka 1974 kwa mikono ya Msweden Björn Waldegård.

Ukaja mwaka 1978. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka uliotangulia, mpaka wa Tanzania na Kenya umefungwa, na mashindano yanafanyika Kenya peke yake. Huku kwetu habari zake zilifika kwa redio. Porsche walileta 911 SC zilizoinuliwa tumbo na kukingwa chini kwa bamba, zina mistari ya Martini ubavuni. Peugeot wakaleta 504 Coupé yenye injini ya V6. Jean-Pierre Nicolas na Jean-Claude Lefebvre walishinda na Peugeot. Vic Preston Mdogo, Mkenya, akawa wa pili na Porsche. Waldegård akawa wa nne na Porsche nyingine.

Hapa mpenzi wa Peugeot anapiga meza: kesi imekwisha! Subiri kidogo, bwana. Januari ya mwaka huohuo, Jean-Pierre Nicolas huyohuyo alikuwa ameshinda mashindano ya Monte Carlo. Alikuwa anaendesha nini? Porsche 911. Mkono uleule, jicho lilelile, miezi michache katikati. Kule kulikuwa na milima, lami, theluji na barafu. Huku kulikuwa na udongo, mashimo, mito isiyo na daraja na ng'ombe wasiojua kwamba kuna mashindano. Kama dereva ni yuleyule na magari yote mawili yameshinda, basi kilichoamua si gari peke yake. Barabara nayo ilipiga kura.

Na kuna nyongeza. Tangu mwaka 2003 kuna Safari ya magari ya kale, ambayo hurudi kwenye barabara za Kenya na Tanzania na magari ya enzi hizo. Mwaka 2011 mshindi alikuwa Waldegård yuleyule, safari hii ndani ya 911. Gari lililokosa kombe wakati mashindano yalikuwa vita lilikuja kulipata yalipokuwa kumbukumbu. Sisemi hivyo kulidharau, maana kumbukumbu nayo ina mashimo yake. Ninasema tu kwamba kila saa ya mashindano ilikuwa inajibu swali fulani, na maswali hayo hayakuwa sawa.

Sasa, ipo hadithi moja tunayoipenda mno huku kwetu, na naomba tuiweke pembeni mapema. Ni hadithi ya mnyonge na tajiri. Peugeot ni gari la wananchi, Porsche ni gari la wenye nazo. Mnyonge kavumilia, tajiri kavunjika, haki imetendeka. Hadithi tamu, ila gari lililoshinda mwaka 1978 halikuwa gari la mwananchi yeyote. Lilikuwa coupé la Pininfarina lenye silinda sita, limeandaliwa na kiwanda, lina timu ya kiwanda nyuma yake. Na aliyekuwa wa pili na Porsche ndiye aliyekuwa mwenyeji wa nchi. Tukiamua ubora kwa kuangalia nani mnyonge, tutalazimika kwanza kudanganya kuhusu nani alikuwa mnyonge.

Aristotle ana njia nyingine. Kwake ubora wa kitu unaonekana katika kazi yake: mpiga filimbi bora ni yule anayeipiga vizuri, jicho bora ni lile linaloona vizuri. Njia hii inasaidia, mpaka unapofika kwenye mfano wake wa farasi. Farasi bora, anasema, ni hodari wa kukimbia, wa kumbeba mpandaji, na wa kusimama imara mbele ya adui. Hesabu hizo kazi: ni tatu. Farasi wa kukimbia anaweza kuwa mwoga vitani, na yule asiyetikisika vitani anaweza kuwa mzito mbioni. Aristotle aliandika kama mtu anayejua kwamba farasi huyo mmoja yupo. Sisi tulioletewa magari yaliyobuniwa kwa barabara za wengine tunajua kwamba mara nyingi hayupo, na lazima mtu achague kazi ipi itangulie.

Basi nijaribu kusema magari haya yana ubora gani, kila moja kwa lugha yake.

Porsche 911 imejengwa juu ya wazo ambalo injinia mwenye akili timamu angekushauri uliache. Injini iko nyuma kabisa, nyuma hata ya ekseli. Uzito wote huo mkiani maana yake ni kwamba ukiingia kona kwa kasi halafu ukaogopa na kuachia mafuta, mkia unataka kutangulia mbele. Wangeweza kuihamisha injini. Badala yake wakaongeza umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, wakapanua matairi ya nyuma, wakaweka bawa, wakarekebisha tena, mwaka hadi mwaka. Mwaka 1977 walitoa 928, gari lenye injini mbele na linalopozwa kwa maji, ambalo lilitarajiwa kumrithi 911. Mrithi akatangulia kuondoka. 911 bado inaundwa, na injini bado iko nyuma. Huu ni ubora wa uaminifu: kuchukua kasoro yako ya kuzaliwa na kuifanyia kazi miaka sitini mpaka inakuwa tabia yako. Tunawajua watu wa namna hiyo. Wako washairi ambao maisha yao yote wameandika shairi moja, na kila mara limekuwa bora kidogo.

Peugeot 504 haina wazo moja la namna hiyo. Ina springi ndefu zinazomeza shimo, viti laini, na ukoo mkubwa mno. Sedani, gari la familia lenye viti vya safu tatu, pikapu, gari lisilo na paa, coupé: wote hao ni watoto wa tumbo moja, na zaidi ya magari milioni 3 yalitoka chini ya jina hilo. Coupé ni mrembo wa familia, lakini ukilala chini yake utakutana na vyuma vya shangazi zake. Ushindi wake wa 1978 ulikuwa wa ajabu kwa sababu hiyo. Dereva wa teksi aliyeusikia redioni alikuwa na haki ya kusema, kwa kiasi fulani, "hata hili langu." Mwenye 911 akishinda, ameshinda yeye. Huu wa 504 ni ubora wa ushirika.

Hata maji yanasema jambo hapa. Injini ya 911 ya enzi hizo ilipozwa kwa hewa, haina rejeta. Kwa nchi ya Ugogo, ambako mwaka una msimu mmoja tu wa mvua na dumu la maji ni mali, ungesema hilo ndilo gari letu. Pijo lilikuwa na rejeta, likichemsha lazima uombe maji. Lakini ukiomba maji unaingia kwenye boma la mtu. Unasalimia, unakaa kivulini kungoja injini ipoe, unaulizwa unatoka wapi, unajua nani kafiwa. Sitaki kufanya udhaifu wa rejeta uwe sifa. Aliyebeba mgonjwa kwenye gari linalochemsha hana hamu na falsafa hiyo. Nasema tu kwamba gari linalohitaji watu huishia kujulikana na watu, na lisilohitaji mtu hupita.

Roland Barthes, katika kitabu chake cha Mythologies cha mwaka 1957, aliandika juu ya Citroën mpya ya wakati huo na kuyalinganisha magari na makanisa makuu ya zama za kati: kazi kubwa ya wasanii wasiojulikana, inayotamaniwa na umma mzima. Aliwaona watu ukumbini wakiligusa gari kwa vidole, wakishika bati na viti. Nilipoisoma insha hiyo chuoni niliipenda, halafu nikafikiria jinsi gari linavyojulikana Haneti. Linajulikana kutoka chini. Fundi analala juu ya gunia, anaomba spana namba kumi na tatu, mafuta machafu yanamdondokea shavuni. Barthes alisimama mbele ya gari. Swali langu ni je, anayelijua kutoka chini anajua kitu kilekile?

Hapo ndipo nyumbani kunapoingia.

Nyuma ya nyumba ya baba mkubwa, chini ya mkwaju, kuna Peugeot 504 pikapu. Haijatembea tangu mwaka 2009. Wakati wake ilibeba mtama, alizeti, karanga, mbuzi wa mahari, maharusi, maiti, na magunia ya yale mawe ya kijani, krisopresi, ambayo yamelifanya jina la Haneti lijulikane kwa wauza vito wa mbali. Ilibeba wagonjwa kwenda Dodoma usiku. Dada yangu, binti wa kwanza wa baba mkubwa, alizaliwa ndani yake, mama mkubwa akipelekwa hospitali. Hawakufika hata Mayamaya.

Mwaka huu walikuja wanunuzi wawili ndani ya mwezi mmoja. Wa kwanza alikuwa wa chuma chakavu, na mizani yake ya kuning'iniza. Kwake pikapu ilikuwa kilo. Aligonga bodi kwa ngumi, akakadiria, akataja bei kwa kilo kama ya mabati na sufuria zilizotoboka. Wa pili alitoka Arusha, mtu wa kufufua magari ya kale. Ana 504 Coupé, bodi nzima, rangi ya fedha, lakini vyuma vya chini ya pua vimekwisha. Alilala chini ya pikapu yetu kwa suruali safi, akatoka anatabasamu. Akasema anataka vyuma vya mbele, usukani na vipuri vingine kadhaa. Bodi na vilivyobaki tukae navyo. Akataja milioni mbili na laki nne.

Kikao cha ukoo kikakaa. Shangazi walitaka fedha kwa ajili ya tanki la kuvunia maji ya mvua, na hoja yao haikuhitaji mapambo: tanki ni tanki. Kaka zangu wadogo walitaka pikapu ibaki nzima kama kumbukumbu, ikiwezekana ipakwe rangi na kuwekwa mbele ya nyumba. Dada alisema sentensi moja: "Mnataka kuuza wodi niliyozaliwa." Kisha akanyamaza, na baada ya hapo kila aliyesema alikuwa anasema huku anamwangalia yeye.

Wakanigeukia. "Haya mwanangu, wewe uliyesoma, mwandishi, sema."

Nilisema nilichokuwa nimekifikiria kwa siku kadhaa. Kuiweka pikapu mbele ya nyumba, nzima, isiguswe, ni kuipa heshima isiyo yake. Hiyo ni heshima ya 911, ya kitu ambacho ubora wake ni kubaki kilivyo. Hii yetu haikuwahi kubaki ilivyo. Tayari iko kijiji kizima. Springi zake za nyuma zilikwenda kwa mhunzi zikawa mapanga na mundu. Tairi zake za mwisho zilivaliwa miguuni, katambuga jozi kadhaa. Kiti chake cha mbele kiko kibarazani kwa baba mkubwa, ndicho alichokalia muda ule kikao kikiendelea. Kioo cha pembeni, mtu ananyolea ndevu.

Baba mkubwa, ambaye alikuwa kimya tangu asubuhi, akacheka. Akasema gari lile halikuwa zima hata siku moja tangu alinunue. Rejeta ilitoka Kondoa kwenye Pijo lililopinduka. Mlango wa kushoto ulitoka kwenye jingine lililofia Itiso. Giaboksi ilibadilishwa mara mbili. "Lilikula wenzake," akasema. "Sasa ni zamu yake kuliwa."

Wanafalsafa wana kitendawili cha zamani kuhusu merikebu ya Theseus: mbao zake zikibadilishwa moja moja mpaka zote ziwe mpya, je, ni merikebu ileile? Kimewasumbua wengi. Baba mkubwa hakimsumbui. Kwake utambulisho wa gari haukai kwenye vyuma. Unakaa kwenye mzunguko wa vyuma, kwenye deni ambalo magari yanadaiana. Kinachomsumbua ni gari linalopokea tu bila kutoa.

Ndiyo maana suala la bei halikuwa dogo. Nilisema, na hili ndilo nalitetea hata sasa, kwamba hatuwezi kumuuzia mtu wa Arusha kwa bei iliyo jirani na ya chuma chakavu. Coupé lake bila vyuma vile ni pambo la gereji. Anachonunua kwetu si uzito wa chuma. Ananunua uwezo wa uzuri wake kutembea. Methali inasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini haisemi chochote kuhusu kizuri kinachotembea kwa miguu ya kibaya. Mrembo akiazima mifupa kwa shangazi yake wa shamba, basi alipe kama mtu anayejua ameazima mifupa. Tulitaja milioni nne. Tukakubaliana milioni tatu na nusu, na bodi ibaki.

Tanki limejengwa. Ningeweza kuishia hapo, insha ikawa imefunga hesabu zake. Lakini hesabu haikufunga, na ningekuwa mwongo kuipaka rangi.

Hoja ya dada haikujibiwa. Nilipomwambia kwamba gari linaendelea kuishi ndani ya gari jingine, alinijibu, "Mdogo wangu, mimi sikuzaliwa kwenye usukani." Alikuwa sahihi. Nadharia yangu ya mzunguko inafanya kazi vizuri kwa springi, tairi na giaboksi, kwa vitu ambavyo kimoja kinaweza kukaa mahali pa kingine. Mahali mtu alipozaliwa hapana spea. Bodi imebaki pale chini ya mkwaju, ndiyo, lakini pua yake imeinama juu ya mawe, na yeye anasema hawezi kuitazama. Alichukua ufunguo. Hatukumpa kama fidia na hakuupokea kama fidia. Ni njia yetu ya kukiri kwamba siku ile kuna kitu kilikuwa mezani ambacho hakikupanda kwenye mizani ya mtu yeyote, wala ya kilo, wala ya shilingi, wala ya hoja zangu.

Hili ndilo lililonifanya nirudi kwenye magari mawili na kuyatazama upya. Kila ulinganisho unahitaji mizani, na mizani kwa kawaida hupenda kujificha. Saa ya Safari ilijifanya ni ubora wenyewe, kumbe ilikuwa inauliza nani atapoteza muda mchache zaidi kwenye udongo. Saa ya Monte Carlo iliuliza jingine. Kilo iliuliza jingine kabisa, na ikapata jibu sahihi: ndiyo, pikapu na sufuria iliyotoboka vinaweza kulinganishwa, na jibu hilo sahihi halina maana yoyote. Mizani kukosea si hatari kubwa. Hatari ni mizani isiyokosea, inayopima sawasawa kitu ambacho hatukukiuliza.

Lakini sitaki mtu atoke hapa akisema basi vitu havilinganishiki, kila kimoja kizuri kwa namna yake, tugawane maua. Huo ni uvivu uliovaa adabu. Kikao kilibidi kiamue. Mvua ilikuwa inakuja na tanki halikuwepo. Shangazi zangu wasingeelewa mtu anayewaambia kwamba ubora una sura nyingi, halafu akakaa. Kulinganisha ni lazima. Ninachodai ni kwamba anayelinganisha aoneshe mizani yake mezani, aseme inapima nini na inaacha nini, halafu akubali kudaiwa na kile kilichoachwa. Mnunuzi wa kilo hakudaiwa kitu, maana hakujua kwamba ameacha kitu. Sisi tunadaiwa na dada, na tunajua.

Kwa hiyo kati ya 911 na 504 Coupé, jibu ninalo, na siogopi kulitoa. Naistahi 911. Kung'ang'ania wazo gumu miongo sita mpaka likunyookee si kazi ndogo, na duniani kuna mambo, sanaa ikiwa mojawapo, ambayo hayawezi kufanywa vinginevyo. Kama ningekuwa Nicolas mwezi Januari juu ya barafu, ningeichagua bila kupepesa. Lakini ninapochagua gari la kuishi nalo, kwenye barabara niliyokulia, nachagua lile ambalo ubora wake unaweza kugawanywa, lenye ndugu katika kila kijiji, linaloweza kula na kuliwa. Nalichagua nikijua gharama yake: kwamba kitu kinachogawanyika kirahisi hivyo kitagawanywa hata pale ambapo mmoja wetu angetamani kibaki kizima.

Ukinikuta kijiweni ukaniuliza lipi bora, nitakuuliza kwanza unaelekea wapi, na ukikwama nani atashuka kusukuma.